Injini ilizima katikati ya ghuba, tatizo nalijua, mdomo ukagoma kufunguka

Wakuu, heshima kwenu. Haya sikusimuliwa, nilikuwemo botini.

Kwanza mnijue. Mimi mtoto wa mkulima wa Bugarama, Ngara. Sikubebwa na mjomba wala mfadhili. Nilijitafutia njia hadi Ulaya, nikarudi na diploma ya injini za boti. Mtu kama mimi miaka ile ungemtafuta kwa tochi.

Wakati wa vita vya Kagera nilikuwa fundi wa kijiji cha ujamaa kando ya ziwa, upande ambao enzi hizo ulikuwa Biharamulo. Magari yalikwenda kubeba jeshi. Tulibaki na boti moja ya outboard, injini ya kufungwa nyuma.

Mke wangu akalazwa ng'ambo ya ghuba, mimba ya kwanza, uchungu umekwama. Akatuma neno: anamtaka mama yake.

Mama mkwe akaletwa kwa baiskeli kutoka Kaniha. Kwa mila zetu mama mkwe humsogelei, humtazami, humsemeshi. Nami nilishajitapa kijiji kizima kwamba huo ni ushamba, msomi hana habari nao.

Akakaa katikati, kanipa mgongo, kanga hadi kichwani. Mimi nyuma kwenye injini. Sospeter, nahodha wetu, mbele.

Katikati ya maji injini ikakohoa, ikazima.

Nikaminya kile kipira cha kusukumia mafuta, kilicho kwenye mpira unaotoka tangini. Kikanywea, hakikurudi. Hapo fundi yeyote anajua: presha hakuna kwa sababu petroli haitoki kwenye tangi, mpira umebanwa huko.

Na tangi lilikuwa miguuni pa mama mkwe. Mkungu wa ndizi aliokuja nao umeporomoka, umelala juu ya mpira.

Nimwambie asogee? Ulimi ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Kumtuma Sospeter ndiyo kabisa, angenitangaza mnadani.

Basi nikafungua plagi. Nikafungua kabureta, safi kabisa, nikaifunga tena. Upepo unaturudisha tulikotoka.

"Bwana Diploma," Sospeter akasema, "huko Ulaya mlikuwa mnazibembeleza hivi hivi?"

Mama mkwe akasema bila kugeuka, "Sospeter, muulize mume wa mwanangu. Tangu injini izime nasikia anafungua na kufunga tu. Amekosa nini?"

"Mpira, mama," nikasema nikiyaangalia maji. "Ndizi zimelalia mpira."

Akauinua mkungu mwenyewe.

"Ungesema, baba. Mwanangu ananingoja."

Kipira kikajaa, injini ikawaka mara moja.

Tulikuta mke wangu ameshaingizwa kupasuliwa. Mama akakaa nje ya mlango, mikono mapajani.

Mungu mkubwa, walitoka wote wawili wazima. Mke wangu alipozinduka akauliza, "Mama, mbona hukuja mapema?"

"Injini ilikuwa mbovu sana, mwanangu. Mumeo kahangaika nayo mpaka kaiweza."

Nilikuwa mlangoni, nanuka petroli.

Funzo: kipira kikinywea, anzia kwenye tangi, hata awe amelikalia nani.

Mama mkwe alishatangulia. Mke wangu bado anawasimulia wajukuu jinsi babu yao alivyoishinda injini ile ziwani, nami hutoka nje kuangalia mbuzi.

Nimwambie ukweli sasa, au niitunze heshima aliyonipa mama? Semeni wakuu, hata mkinichapa.