Ufagio kwenye Mlango wa Kibanda

Simu haikulia usiku kucha. Tyyne alikaa jikoni karibu na jiko la kuni, koti likiwa mabegani, akiisikilizia kama mtu anavyosikilizia pumzi za mgonjwa. Mke wa dereva wa basi alikuwa ameahidi kupiga iwapo Saimi angepanda basi la kwenda mjini Kuopio. Chumbani mama mkwe alikohoa, akaomba maji, akasinzia, akakohoa tena.

Mama na binti waligombana jana mchana wakiosha vyombo. Saimi, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi huko Kuopio.

"Na bibi yako atageuzwa na nani kitandani?" Tyyne alimuuliza. "Baba yako yuko kambi ya magogo mpaka Pasaka. Mgongo wangu unaujua."

Saimi alivaa buti, akatoka na skii zake, zile mbao za kutelezea juu ya theluji. Nje baridi ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri.

Saa tatu asubuhi, kulipoanza kupambazuka kama ilivyo kule wakati wa baridi, jirani yao Armas aliingia akipangusa barafu kwenye masharubu.

"Kwenye basi hakupanda," alisema. "Na jana jioni nikimtafuta nilifika mpaka kibanda cha marehemu mkweo kule msituni. Ufagio umeegemezwa mlangoni. Hakuna mtu."

"Ulibisha?"

"Nibishe nini, Bi Tyyne? Ufagio uko mlangoni. Mimi si mwizi."

Kwao hakuna aliyehangaika na kufuli. Ukitoka, unaegemeza ufagio kwenye mlango, ishara kwamba hakuna mtu ndani. Anayekuja anauona, anageuza. Tyyne naye angegeuza. Ila kibanda kile hakikuwa kimeguswa tangu mzee azikwe, miaka miwili iliyopita.

"Ulikuwa na theluji?"

"Nani?"

"Ufagio, Armas."

Armas alijikuna shingo. "Sasa mimi nikautazame ufagio kama mchumba?" Kisha akaongeza: "Ulikuwa mkavu."

"Basi kuna aliyeuweka jana. Kaa na mama. Uji uko jikoni. Akikuita Urho, itikia tu, anadhani kila mwanamume ni mwanawe."

Msitu wa kale ulianzia nyuma ya ghala. Mzee hakuwahi kuruhusu shoka liingie humo, na misonobari ilikuwa minene kiasi kwamba watu wawili hawakuweza kuikumbatia wakakutana mikono. Mingine ilikuwa imekufa ikiwa wima, ya kijivu, bila magome. Mingine ilikuwa imelala, theluji juu yake kama magodoro. Kila majira ya baridi, kwa miaka ishirini na miwili, Tyyne alitembea humo Jumapili hadi kwenye mti uliopasuliwa na radi, halafu akarudi, kwa sababu mama mkwe hakulala zaidi ya muda huo. Ng'ambo ya mti ule alikuwa hajawahi kufika.

Leo aliupita. Theluji ilimfika magotini. Alianguka mara mbili kwenye magogo yaliyofukiwa, na mara ya pili alibaki chini akihema, akiyatazama matawi yaliyofunga anga yote, na wazo moja tu likamzunguka: kama jiko la kibandani limezimika usiku, atamkuta Saimi ameganda kama jiwe.

Kibandani ufagio ulikuwa pale pale. Nyuma, chini ya dirisha dogo, theluji ilikuwa imekanyagwa, na skii zimeegemezwa ukutani. Mtoto ameweka ufagio mlangoni, kisha akapitia dirishani. Harufu ya moshi ilimjia.

Alirudi mbele. "Saimi."

Alibisha mlangoni.

"Moshi naunusa, mwanangu."

"Basi umejua niko hai, mama. Rudi."

"Umekula?"

"Mkate mkavu wa babu. Panya walishaanza, tukagawana."

Tyyne nusura acheke. "Toka tuongee."

"Nikitoka utaniambia bibi analia. Nitamgeuza, na mwakani utaniambia hayo hayo."

Tyyne aliegemea ukuta wa magogo. "Mimi nilikuja nyumba ile kwa msimu mmoja wa baridi," alisema. "Bibi yako alikuwa amevunjika nyonga. Nilikuwa nimepata kazi dukani, Kuopio. Nikawaandikia wenye duka kwamba nitachelewa kidogo."



"Hukuwahi kuniambia," Saimi alisema.

"Basi la Jumatatu linapita saa moja. Armas atakupeleka barabarani kwa trekta."

"Na bibi?"

"Nitamgeuza mimi."

Maneno yalimtoka, na papo hapo aliiona miaka iliyobaki, chumba kile, kikohozi kile.

"Unasema hivyo kwa sababu umeogopa," Saimi alisema, taratibu, bila hasira. "Nenda nyumbani, mama. Kesho ukiamka bado unasema hivyo, njoo uniambie tena."

Tyyne alisubiri kusikia kitasa. Alichosikia ni kuni zikiongezwa kwenye jiko. Mlango ulibaki umefungwa.