Waya Zima

Mzee Kwangu alikuwa nahodha wa boti ya matembezi pale Musoma, mali ya Bwana Makongoro. Kazi nyingine hakuijua wala hakuitaka. Mkewe Dorotea, mtu wa Butiama, alikuwa anamtaniaga: "Wewe ukifa, tutakuzika na usukani wako." Kwangu alicheka tu, akavaa sweta lake akashuka ziwani.

Makongoro akanunua skrini mpya, ya kuonyesha kina cha maji na njia. Fundi Silasi akaja kutoka Bunda, akaifunga mbele ya usukani. Ikawaka, rangi zake nzuri kama televisheni. Ila kila injini ikiwashwa, giza. Injini ikinyamaza, inarudi.

"Inakuogopa, Kwangu," alisema Makongoro. "Hiyo mikono imezoea kuvua furu, haijazoea vitu vya kisasa."

"Bosi, si mimi niliyeifunga."

"Lakini ukiwasha wewe inakufa. Sikia, mzee wangu. Jumamosi harusi ya Bunda inapanda, na nimeshawaambia boti ina skrini. Isipowaka, usukani nampa mwingine."

Kwangu alimtazama Silasi. Silasi alikuwa anafuta viatu vyake vyeupe.

"Umeme wa skrini unapita njia mbovu," Silasi alisema. "Tuchukue waya moja kwa moja kwenye betri. Baba, shuka wewe kwenye injini. Mimi nitachafuka."

Kwangu akashuka. Kifuniko cha injini kilikuwa kimetolewa, mkanda uko wazi. Silasi akabaki juu kwenye usukani, anauliza kwa sauti.

Hapa mtu wa pwani angepotea. Kwake betri ni nzima, waya ni mzima. Kwetu huku yote ni zima. Kitu kisicho na ubovu ni zima, na biashara imeisha.

"Betri?" aliita Silasi.

"Zima!"

"Fyuzi?"

"Zima!"

"Waya?"

Kwangu aliivuta kidogo. "Haijakaza. Naishika kwa mkono."

"Ishike hivyo hivyo. Nawasha injini, uniambie kama waya zima."

Injini ikaunguruma. Skrini ikacheza, ikatulia, ikabaki inang'aa. Makongoro akapiga makofi. "Imekubali! Silasi, ongeza moto tuone!"

Chini kule, mkanda ulikuwa umeshika mkono wa sweta.

"Zima!" Kwangu alipiga kelele. "Silasi, zima!"

"Nimesikia, baba! Waya zima!" Silasi akaongeza moto.

"Zima! Zima!"

"Huyu mzee leo ana furaha," Makongoro alisema.

Walizima pale mkanda wenyewe ulipoanza kutoa moshi.

Mkono wa kulia ulibaki na dole gumba peke yake. Huko ufukweni stori ilifika mapema, na ilifika ikiwa kichekesho. Dorotea alipokwenda kununua sabuni ya kufulia mashuka ya hospitali, alikuta vijana wa boti wanaigiza, mmoja ameshika mkono, anaruka. "Zima! Zima!" Walipomwona wakanyamaza, halafu mmoja akashindwa kujizuia.

Makongoro alikuja kumwona mgonjwa na machungwa kwenye mfuko. Kwangu akajivuta akae.

"Pole, mzee wangu. Skrini inafanya kazi vizuri."

"Nashukuru, bosi."

"Jumamosi Silasi ndiye ataendesha. Sasa yeye hana leseni. Wale wa bandarini hawaangaliagi picha, wanataka tu kuona karatasi. Nipatie ya kwako."

Dorotea aliweka bakuli la uji chini. "Umekuja kwa ajili hiyo?"

"Mama, tunaongea wanaume."

Kwangu alikuwa anaangalia bandeji. "Nikikupa, nitarudi kwenye usukani? Mkono ukipona?"

"Mkono upi?" Makongoro aliuliza. Hakuwa anatania. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Kwangu akasema leseni iko Bweri, nyumbani, juu ya kabati la vyombo.

"Usimpe," Dorotea alisema.

"Kampe, mama. Akikumbuka kwamba nilimpa, labda ataniita hata niwe nafunga kamba."

"Hiyo nayo tutaona," Makongoro alisema. Akachagua chungwa moja kwenye ule mfuko, akaondoka analimenya. Dorotea alimfuata hadi Bweri, akampa ile leseni bila kumkaribisha ndani.

Jumamosi harusi ilipanda. Muziki ulisikika hadi wodini, na chini ya muziki ule, injini. Kwangu aliijua sauti yake. Alisikia Silasi akiikoroga gia vibaya, watu wakishangilia.

"Dorotea, funga dirisha."

"Limefungwa, baba," Dorotea alisema. "Limefungwa tangu asubuhi."