Mama mkwe anafunga unga wa bukari, mimi nakwenda kupunguzwa tumbo

Admin, jina langu usiliweke, maana nusu ya soko la Likasi wanaufuata ukurasa huu na wengine ni mawifi zangu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nauza vitenge. Nimeolewa miaka tisa na bado sijapata mtoto. Ni mnene, na sisemi unene wa kupendeza kwenye picha. Nikitembea toka nyumbani hadi mezani kwangu sokoni napumzika njiani na kujifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Nina sukari, macho yameanza kuona ukungu, na kiungulia kinanichoma hata nikinywa maji. Tangu juzi siwezi kutulia. Nasimama, nakaa, nakunja vitenge vilivyokwisha kukunjwa. Wateja wananiangalia.

Daktari mmoja wa Lubumbashi alinieleza njia zilizopo. Kuna kukata sehemu kubwa ya tumbo na kubakiza mrija mwembamba, lakini kwa kiungulia changu akasema hiyo haitanifaa. Kuna nyingine, ya kufanya kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo, na hiyo inasaidia hata sukari. Zote zinafanywa kwa matundu madogo na kamera, hawakupasui kama zamani. Akasema nchi nyingine wana roboti ya kushika vile vifaa. Bwana wangu, ambaye anaendesha mashine ya kuchimba kule kwenye mgodi wa Kakanda, alikuwa amenuna muda wote, lakini hapo akainua kichwa na kuuliza nani anaiendesha. Daktari akajibu kwamba ni daktari mwenyewe, amekaa pembeni anaongoza mikono ya roboti. Bwana akatabasamu kama amekutana na mwenzake wa kazi. Hapa kwetu haipo, nitafanyiwa kwa mikono ya daktari na kamera yake, na mimi nimeridhika.

Lakini tulipofika nyumbani tabasamu lilikwisha. Aliniambia hivi: "Bibi ya muntu akikonda, bantu batasema nini? Batasema bwana yake hamulishake, ao eko na ile maladi ya kukondesha bantu. Weye utapona, minye njo nitapata haya." Iliniuma, sitaficha. Miaka yote hii unene wangu ulikuwa cheti chake kwamba anatunza mke.

Basi akakubali kutia sahihi ya ruhusa hospitalini kwa sharti moja: familia yake wasijue ni operesheni gani. Sasa ninyi mnajua kwetu mtu haendi kupasuliwa kimyakimya. Familia lazima ikae na kuambiwa. Wakaja wote, wajomba, mashangazi, na mama mkwe wangu mbele kabisa kwenye mkeka. Bwana akasimama, akakohoa, akasema nakwenda kutengenezwa kizazi ili tupate mtoto.

Mashangazi wakapiga vigelegele. Mama mkwe alilia, akanishika miguu yangu hii iliyovimba na kumshukuru Mungu. Nami sikumpinga, kwa sababu nilipomwangalia bwana alikuwa ananiomba kwa macho. Hawajui kwamba daktari ameniambia nikishapasuliwa nisishike mimba kwanza, mwaka upite na zaidi, ingawa huko mbele huenda ikawa rahisi kuliko sasa.

Hilo la mtoto ningelibeba. Kinachonitoa jasho ni garde-malade, yule anayemuuguza mgonjwa wodini. Kwa desturi ya kwao, anayekesha na mke wa mtoto wake hospitalini, anayempikia na kumwosha, ni mama mkwe. Daktari amesisitiza: mwanzoni ni vitu vya majimaji tu, kidogo kidogo, baadaye vilivyopondwa. Chakula kigumu kikiingia mapema, paliposhonwa panaweza kuachia na nikafa.

Mtaniambia daktari amkataze. Atamkataza, ndiyo. Lakini daktari anapita asubuhi, mama ndiye anayekaa mchana kutwa kando ya kitanda. Shemeji yangu alipokatazwa chumvi, mama alimwingizia samaki wa chumvi chini ya kitenge, na mpaka leo anajisifu kwamba samaki ndiye aliyemponya.

Jana nilijaribu kumweleza nusu. Nilisema daktari hataki nile bukari, yaani ugali, kwa muda. Alikuwa amepiga magoti sebuleni kwangu anafunga begi lake: mbabula mdogo wa makaa, sufuria, unga, dagaa. Kibanda chake cha mboga amekwisha kukifunga kwa ajili yangu. Alicheka kwa upole, akanigusa shavu. "Mutoto yangu, banatengeneza nyumba ya mutoto, habatengenezi tumbo ya kula. Minye shitakuacha na njaa hata siku moya."

Niliingia chumbani nikalia. Mama yangu mzazi alikufa nikiwa mdogo, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia maneno kama hayo. Bwana alipopiga simu toka Kakanda nilimwomba aniruhusu nimwambie mama ukweli. Akajibu kwamba siku nitakayomwambia ndiyo siku atakayokwenda kuiondoa sahihi yake, halafu akakata. Sukari nayo hainisubiri, jicho la kushoto linazidi kufifia.

Operesheni ni wiki ijayo. Nikisema, naweza kukosa matibabu na pengine ndoa. Nikinyamaza, mwanamke anayenipenda kuliko wote atanishika kichwa na kuniwekea tonge mdomoni, na nitakuwa dhaifu mno, nisiweze hata kugeuza uso.

Ninyi mliopitia ya wakwe na hospitali, nielekezeni niseme nini na nimwambie nani kwanza. Msikawie, maana begi la mama limekwisha kufungwa, liko mlangoni kwangu.