Mlio wa Cherehani ya Mama

Wenzangu mliokulia London zama zile za hita ya mafuta ya taa mtakumbuka kwamba kila nyumba ya watu wetu ilikuwa na sauti yake. Nyumba nyingine ukifika mlangoni unasikia redio, baba mwenye nyumba akihangaika kutafuta idhaa ya Kiswahili. Nyingine unasikia kinu kikitwangwa, na jirani wa chini akigonga dari kwa mpini wa ufagio. Kwetu Wembley, juu ya duka la Mhindi aliyetokea Kisumu, sauti ilikuwa ya cherehani. Ulikuwa ukitoka skuli soksi zimelowa, unaanza kuisikia kwenye ngazi, na hapo unajua mama yupo na chai ipo.

Ilikuwa cherehani ya miguu, kuukuu hata wakati ule. Mke wa yule mwenye duka alikuwa amenunua ya umeme, akaona hii itamfaa mama. Ilikuwa na meza ya mbao yenye watoto wa meza pande zote mbili, waliojaa vifungo na mabaki ya uzi. Chini palikuwa na kanyagio pana la chuma, limetobolewa maua. Ukilikanyaga, gurudumu kubwa la ubavuni linazunguka, mkanda wa ngozi unavuta gurudumu dogo la juu, na sindano inashuka na kupanda. Waya hakuna. Baridi moja umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara, majirani wote wa Kiingereza wamekaa na mishumaa yao wakinung'unika, na mama anashona tu, baba amemshikia tochi. Sisi watoto tuliamini kwamba mama ana nguvu ambazo serikali ya Uingereza haina.

Mama akiondoka kwenda jikoni, cherehani iligeuka basi. Mdogo wangu Seif alikuwa dereva, anaingia chini ya meza na kushika gurudumu. Mimi ni kondakta, nawauliza abiria wasioonekana wanashuka wapi. Siku moja mkanda ulimnasa kidole akalia mpaka mwenye duka akapanda juu kutazama kuna nini. Mama alimpaka samli kidole, kisha akatutazama sote na kusema, "Atakayekanyaga tena bila ya kuniuliza, nitamtia upindo." Tulikuwa hatujui mtu anatiwaje upindo, na kwa kutojua huko tuliogopa zaidi.

Upindo ndio uliokuwa elimu kubwa ya mama. Gauni jipya la skuli lilishonwa refu kuliko mwili, kisha chini likakunjwa kwa ndani upana wa kiganja kizima. Mwaka ukiisha, mama anafumua, anashusha kidogo, anapiga mshono mpya. Ule mkunjo wa zamani haukufutika kamwe. Ulibaki mstari mweusi kuzunguka gauni, na mwaka uliofuata mstari mwingine chini yake, hata mwalimu akitaka kujua nina muda gani pale skuli, angeweza kunisoma kwenye magoti. Wakati wa kupima tulisimama juu ya kiti, mama ana pini mdomoni, anazungumza kwa upande mmoja wa mdomo: "Simama wima. Ukicheka nakushona pamoja na ngozi yako."

Na Idi? Idi ilikuwa jora moja. Wenye umri wangu wanajua: ndugu wote huvaa kitambaa kimoja, ili msikitini ijulikane nani mtoto wa nani. Mwaka mmoja mama alipata jora la manjano lenye maua makubwa, na baada ya kukata gauni langu na shati la Seif akaona kitambaa kimebaki kingi, akashona na mapazia ya sebuleni. Baba akatupiga picha mbele ya dirisha. Ile picha ninayo mpaka leo. Mimi naonekana kwa sababu ya mtandio. Seif ni kichwa na mikono miwili inayoelea juu ya pazia.

Vijana wa leo ukiwahadithia haya wanacheka kwa adabu. Binti wa Rukia, mdogo wetu wa kike, alikuja kwangu juzi na suruali iliyochanika magoti yote mawili, na ameinunua hivyo hivyo dukani, imechanika. Nikamwambia bibi yake angekuwa hai angemvua palepale, akairudisha ina viraka kabla chai haijapoa. Kiswahili anakielewa vizuri, lakini alinijibu kwa Kiingereza kwamba ndivyo zinavyovaliwa, akanibusu, akaendelea na simu yake, ambako alikuwa akiagiza nyingine.

Mama alifariki Rukia hajaanza skuli. Yeye ndiye kitindamimba wetu. Baba hakuweza kuitoa cherehani na hakuweza kuitazama. Aliifunika blanketi akaisukuma ukutani, ikawa mahali pa kuwekea mafaili. Tulipohama ilihama nasi. Baba alipotutoka, Seif aliichukua akaiweka katika kibanda cha bustani yake kule Neasden, na paa la kile kibanda likaanza kuvuja bila ya mtu kujua.

Mwaka huu, jua lilipoanza kutoka, Rukia alinipigia simu kutoka Lewisham anakokaa. Alisema anataka tuifufue. Nikadhani anataka pambo la sebuleni, kama yale ya mikahawani ambapo watu hunywea kahawa juu ya cherehani za mama zao. Seif alituletea jikoni kwangu kwa gari lake, na tulipoondoa blanketi nilitamani kulirudisha. Kichwa cheusi kilikuwa chekundu kwa kutu. Nakshi za dhahabu zimebanduka. Gurudumu limeganda, ukilishika ni kama kushika ukuta.

Seif amefanya kazi maisha yake yote kutengeneza treni za chini ya ardhi, na alipoitazama alicheka. "Da Asha, hii nipeni mimi siku moja. Naikata mkanda, natia mota ndogo, mnabonyeza tu. Mtashona mpaka mahema."

Rukia alisema hapana. Seif akamtania kwamba hajui hata kutia kifungo, anataka cherehani ya nini. Hapo Rukia aliweka kitambaa chake cha kufutia juu ya meza.

"Nyinyi mnamkumbuka mama," alisema. "Mna sauti yake, mna mikono yake, mnajua alivyokuwa akicheka. Mimi picha nimeziona, lakini hizo ni picha zenu. Sina uso wake. Nina mlio wa hii kitu tu, nimelala mchana, nausikia juu yangu. Nataka niusikie tena. Ukitia mota, utakuwa umeniulia."

Wiki iliyofuata Seif alikuja na mkanda wa ngozi, mpya, wenye pini yake ya chuma ya kuungia, ameutafuta kwa mafundi mpaka akaupata.

Tukafanya kazi kwa utaratibu. Tulifungua kipande kimoja kimoja, tukakipiga picha, tukakilaza juu ya gazeti kwa mpangilio wa kilivyotoka. Tuliloweka vyuma katika mafuta ya taa, nyumba ikanuka kama utoto wetu. Tulisugua kutu kwa brashi ya meno. Gurudumu tulilipasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele, tukalidondoshea mafuta, tukalisubiri, tukalibembeleza, mpaka jioni moja likasogea upana wa ukucha, na sisi wanawake watu wazima tukashikana mikono.

Lakini kilichotunyamazisha hasa kilikuwa chini ya kile kibati ambapo sindano hushukia. Rukia alikifungua, na mle ndani mlikuwa mmeshindiliwa vumbi la nyuzi, miaka kwa miaka, limekuwa gumu kama keki. Akalichokoa polepole kwa kibanio cha nyusi. Juu lilikuwa kijivu: nguo za skuli. Chini yake, mstari wa manjano. Nikamwita Seif aje aone shati lake. Chini zaidi mlikuwa na samawati ya kanzu za baba za nyumbani, na chini kabisa waridi, zambarau na vinyuzi vya kumetameta ambavyo havikuwa vyetu. Hizo zilikuwa sari za mke wa mwenye duka, kabla cherehani haijapanda ngazi kuja kwetu. Tulisimama pale kama watu walioingia msikitini hotuba imeshaanza. Hakuna aliyetaka kulitupa. Rukia alilitia katika kikombe cha kahawa, akakifunika kwa kisahani.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana ilikuwa tayari. Haikurudi kuwa mpya. Nakshi zilikwenda na hazikurudi, na kutu iliacha makovu. Lakini ilizunguka. Nilitia uzi, nikaweka kipande cha shuka kuukuu, nikaweka miguu yangu yote miwili juu ya kanyagio. Seif alisimama mlangoni. Rukia alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akafumba macho.

Nikakanyaga. Sindano ikashuka, ikashika uzi wa chini, mshono ukaanza kutoka nyuma, mdogo mdogo, umenyooka. Mlio ukajaa jikoni, laini, unakwenda sawasawa kama mvua ya kusi juu ya bati. Seif alikuwa anatabasamu. Nikamaliza shuka lote, nikageuka.

"Siyo huu," alisema Rukia.

Tukajaribu tena. Nikaweka kitambaa kizito. Seif akasema sakafu yetu ya Wembley ilikuwa ya mbao, akaleta ubao akauweka chini ya miguu ya cherehani. Tukafunga dirisha. Kila mara Rukia alisikiliza mpaka mwisho, na kila mara akatikisa kichwa. Mwishowe aliinuka, akachukua koti lake.

"Basi. Labda niliota. Mtoto mdogo vile atakumbuka nini?"

Nilimuuliza ule wake ulikuwaje. Alisimama mkono mmoja ndani ya koti, akatafuta neno.

"Ulikuwa unachechemea," alisema.

Na hapo nikaona kitu ambacho sikukiona kwa miaka yote hii. Nikaona meza yetu ya kulia chakula, imesogezwa karibu na cherehani, na kanga imefungwa kwenye miguu yake kwa chini, imekuwa pembea, na ndani ya kanga kuna mtoto amelala. Nikaona miguu ya mama, bila ya viatu. Wa kulia uko juu ya kanyagio. Wa kushoto haupo pale.

Nikaukunjua mguu wangu wa kushoto, nikaunyoosha pembeni, nikaanza kuusukuma hewani, mbele na nyuma, kama anayesukuma kanga. Kwa ule wa kulia nikakanyaga. Cherehani ikababaika, ikatoka na pigo moja zito na moja jepesi, zito, jepesi, ikawa inachechemea.

Rukia aliketi palepale alipokuwa amesimama, koti nusu mwilini. Akafumba macho, akasikiliza. Kisha aliuliza, macho bado ameyafumba, "Kwa nini alikuwa anakanyaga hivyo?"

"Mguu wa pili ulikuwa wako," nikamwambia.

Sikuthubutu kuacha. Niliendelea mpaka paja likaanza kutetemeka na jasho likanitoka, na kitambaa kilichopita chini ya sindano hakikufika hata urefu wa pazia moja. Siku hizi kuna viti vya watoto vya betri, unabonyeza, kinabembea chenyewe na kuimba. Nimevinunua mimi mwenyewe, nimewapa wajukuu zangu, na wanalala vizuri. Mama alifanya hivi kutwa, kila siku ya Mungu, mguu mmoja kwenye kazi na mmoja kwa mtoto, na sisi tulipotoka skuli alikuwa anainuka, anatutilia chai, wala hatukumwona akichechemea.