Vidonge vya Njeri

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya karibu na Kangema, sista msimamizi hakunionyesha dawa wala sindano. Alinionyesha mlango.

"Huu unafungwa kabla mama hajakaa," akasema. "Na mkikutana sokoni, wewe humjui mpaka yeye akusalimie. Tumeelewana, binti?"

Tulielewana. Ndivyo nilivyoanza uuguzi katika chumba cha kupanga uzazi, na kwa neema ya Mungu nimestaafu katika kazi hiyohiyo. Kabla ya kumpa mwanamke vidonge tulimpima presha na uzani, tukamuuliza kama anaumwa kichwa kikali au amewahi kuganda damu mguuni. Wachuma chai walivificha vidonge hivyo katika mikebe ya majani, chini kabisa, mahali ambapo mume hafiki.

Nilipohamishiwa Nyeri niliwekwa chini ya daktari wa magonjwa ya wanawake, mtu wa maneno machache. Kwake ndiko nilikojifunza kwamba vidonge vilevile hupewa pia wanawake wanaotamani sana kuzaa. Kuna ugonjwa unaoitwa PCOS. Homoni za mwanamke hazilingani, hata ndevu huweza kumwota, ovari hujaa vifuko vidogovidogo, yai halipevuki kila mwezi, na hedhi hupotea kwa miezi. Vidonge haviondoi ugonjwa. Hurudisha mpangilio wa kutokwa damu, ili ukuta wa tumbo la uzazi usizidi kuwa mnene hadi ulete hatari.

"Usiwahi kumwambia mmoja wao kwamba ni tasa," daktari alinionya. "Yai linachelewa. Kuchelewa si kukosa."

Njeri alikuwa mshonaji wa nguo mtaani Ruring'u. Alikuja kwetu na kitambaa kimefunika kidevu, kwa sababu kila asubuhi alikuwa akinyoa ndevu kwa wembe wa mumewe kabla mume hajaamka. Picha ya skani ilionyesha vile vifuko. Akaanzishiwa vidonge, hedhi ikarudi, akaanza hata kucheka nasi.

Mumewe, Mwangi, alikuwa mtoto wa pekee wa mama Gathoni, ambaye nilikaa naye benchi moja katika umoja wa wanawake kanisani. Wasomaji wa huku hawahitaji kuelezwa maana yake. Kwa desturi yetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba, kwa hivyo wa Mwangi ndiye angeitwa Gathoni. Hapakuwa na mwana mwingine wa kulirudisha jina hilo.

Njeri alipotaka mtoto, daktari alimwachisha vidonge, akamwambia apunguze uzani na atembee kila siku, kisha akampa dawa nyingine ya kusaidia yai kupevuka. "Nafasi iko," alimwambia. "Ila siwezi kukuahidi ni mwezi gani."

Pakiti ya zamani, iliyobaki nusu, ikakaa chini ya vitambaa vyake. Mama Gathoni aliipata akitafuta leso. Alhamisi tulipokutana kwa maombi aliiweka juu ya meza, kando ya birika la chai.

"Nyinyi mnaniombea hapa kila wiki," akasema, "kumbe adui wa jina langu analala kwangu!"

"Haiya! Si hizo ndizo zinakausha tumbo?" akauliza mmoja.

"Ati anashona nguo za watoto wa wengine," mwingine akasema, na wakacheka.

Mimi nilikuwa najua kila kitu, na mdomo wangu ulikuwa umefungwa na ule mlango wa Kangema. Nilitoka nikaenda moja kwa moja kwa Njeri kumwomba ruhusa.

"Sema yote, sista," akaniambia. "Nimechoka kunyamaza."

Jioni hiyo nilimweleza mama Gathoni ugonjwa, vidonge na sababu yake, mbele ya Mwangi.

"Kwa hivyo ni wewe ulimpa," akasema.

"Aliviacha, mama. Daktari alimwachisha ndio apate mtoto."

"Kama aliviacha, mtoto ako wapi?"

Nilimgeukia Mwangi. Alikuwa akiangalia viatu vyake. "Mama amesema," ndilo neno pekee nililopata kwake. Njeri alifunga mashine yake ya kushonea akarudi kwa baba yake, kijijini Kangari.

Huko alitapika, wakasema ni uchungu wa moyo. Hedhi haikuja, na yeye hakushtuka, kwa maana haikuwa jambo geni kwake. Nawaomba wauguzi vijana mshike hili: mwanamke wa aina hii akikosa hedhi, mpimeni mimba. Aliporudi kwangu alidhani ovari zimevimba. Nilimlaza, nikaweka mkono tumboni, nikamwita daktari. Kwenye skani moyo mdogo ulikuwa ukipiga. Kwa umri wa mimba ile, siku pakiti ilipowekwa kando ya birika, siku niliyoulizwa mtoto yuko wapi, mtoto alikuwapo.

Alizaliwa msichana. Mwangi hakuwa amekanyaga Kangari, basi mtoto akapewa jina upande wa mama, la bibi yake mzaa mama. Ndipo mama Gathoni alipofika pamoja na wanawake wetu wa maombi, wamebeba vikapu na uji. Baba yake Njeri aliwapokea kwa adabu.

"Mtoto anaitwa Wambui," akasema. "Karibuni chai."

Nimestaafu sasa, nina afya, nina shamba dogo na Biblia yangu, na sina deni la shukrani ninalomficha Mungu. Ila uchungu huu wa nyumba ya Njeri hajauondoa, na nimeacha kumsumbua kuhusu huo. Mwangi hajaoa tena. Njeri anashona Kangari na hataki kurudi. Kila Alhamisi mama Gathoni husimama, mzee sasa kama mimi, na kumwomba Bwana ampe mjukuu wa jina lake. Nafumba macho pamoja na wengine. Namshukuru Mungu kwa ajili ya Wambui, na wenzangu wanapoitikia amina, mimi nanyamaza.