Kitu Kilichopumua Ndani ya Friji ya Makaa

Naona aibu hata kuanza, na ninyi nawajua, mtacheka kabla sijafika katikati, lakini afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko kungoja ya sokoni Kibwezi, ambako mkasa huu umeshaongezwa pembe na mkia. Ni mimi, Kioko, mtu mzima wa miaka ishirini na saba mwenye ndevu zake, niliyefanya kanisa zima lije nyumbani kwetu kukemea kompyuta.

Kompyuta yenyewe niliiunda kwa mikono yangu. Nilinunua kipande hapa, kipande pale, vingi vikiwa vya mtumba kutoka Nairobi, nikavifunga ndani ya kasha lenye kioo ubavuni na feni tatu zinazowaka taa nyekundu (taa hizo hazina kazi yoyote, niwe mkweli, nilizipenda tu), na kwa sababu kule kwetu mtu akishajua kufunga skrubu nne anaitwa Injinia, nikaitwa Injinia, na mimi sikumkataza mtu. Kazi yangu ni kutengeneza video za harusi. Mashine ilipoanza kupata joto nikaagiza chuma kipya cha kupoza prosesa, ule ubongo wa mashine, kikubwa kama nusu tofali, na feni yake juu, nikakifunga siku ile ile kilipofika, na ajabu ni kwamba tangu siku hiyo joto likazidi. Naiwasha, dakika kumi, inapiga king'ora chake cha hatari, tii-too, tii-too, halafu inazima. Nikapangusa vumbi kwa brashi ya rangi, nikafungua ubavu, nikaiwekea feni ya mezani, nikageuza feni moja ivute badala ya kusukuma, wapi! Mwisho nikailaumu Kibwezi, maana mnajua joto letu la mwezi wa pili chini ya bati, saa nane mchana huwezi hata kushika kitasa cha mlango wako mwenyewe.

Sasa, nyuma ya jiko letu kuna friji ya makaa ya kikundi cha akina mama wa kanisa. Kama hujawahi kuiona, ni kibanda kidogo ambacho kuta zake ni nyavu mbili za waya zilizojazwa makaa katikati, na juu kuna paipu iliyotobolewa inayodondoshea makaa maji kutwa, basi upepo ukipita ndani panakuwa baridi, na mboga zinakaa siku tatu bila kunyauka. Mama yangu ndiye mwenyekiti wa kikundi na ndiye anayeweka ufunguo, na alishaniambia zaidi ya mara moja, "Kioko, kitu ya group ni ya group, usiniletee maneno." Lakini Alhamisi ile nilikuwa na video ya harusi ambayo bibi harusi alikuwa ananipigia simu kila baada ya saa moja, mama alikuwa shambani karibu na mto, ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari jikoni, nami nikajiambia, masaa mawili tu.

Nikavuta ekstensheni kutoka jikoni, ikapita kwenye tangi la maji, ikaandamana na paipu hadi kwenye mlango wa waya (pale ilipounganishwa nilifunga selotepu ya stima, nikajiona nimemaliza usalama wote duniani). Mashine nikaipandisha kwenye rafu ya juu kabisa nyuma, nikaipangia kreti za mchicha mbele, nikaitandikia gunia juu isidondokewe. Nikaianzisha kazi, nikaondoa skrini. Dakika kumi zikapita. Ishirini. Haikuzima!

Lakini kuna jambo lilinitoa furaha. Chumbani kwangu ile mashine huunguruma. Mle ndani makaa mabichi yalikuwa yamemeza ule mngurumo wote na kuacha kitu kingine: feni zinapanda taratibu, zinakaa, zinashuka taratibu, zinakaa. Kama mtu amelala pale nyuma ya mchicha. Taa nyekundu ilikuwa inapenya chini ya gunia na kuangukia makaa yaliyolowa, na kila kaa likawa na kitone chake chekundu, ukutani kote, juu hadi chini, na maji yakidondoka tone, tone. Mimi niliyeiunda skrubu kwa skrubu nilitoka mle kinyumenyume, maana sikutaka kuipa mgongo.

Masaa mawili yakawa mengi. Niliitwa Kathonzweni kupiga picha za sherehe fulani, nikarudi nimechoka kama punda, nikalala kama nilivyo. Nilichoamshwa nacho Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi ni ukemi wa Mama Njeri.

Mama Njeri ni jirani yetu, wazazi wake walihamia hapa kutoka Murang'a zamani, na ndiye anayepeleka mboga za kikundi kando ya barabara ya Mombasa kabla jua halijachomoza vizuri. Nilimkuta ameketi chini, kitambaa kimemtoka kichwani, ameukumbatia mkono wake wa kulia.

"Kuna mtu analala huko ndani!" alikuwa anasema. "Amenipumulia kwa shingo, pumzi moto! Na iko na jicho, nimeiona! Nikashika mlango nitoke, mlango ukanishika mkono. Ukakataa kuniachilia!"

Nilielewa yote mara moja. Pumzi ni hewa ya feni, jicho ni taa, na kile kilichomshika mkono ni stima iliyovuja kwenye selotepu yangu iliyolowa maji. Nikakimbia jikoni, nikachomoa plagi ukutani, nikaificha ncha ya waya nyuma ya debe la maji. Halafu nikarudi pale penye watu (hapa ndipo naomba mniangalie vizuri mtu mliyenaye), nikauliza, "Kwani kuna nini?"

Wakamulika kwa simu kutoka mlangoni. Kreti, mchicha, giza. Kimya.

"Mnaona?" mama mmoja akanong'ona. "Imenyamaza. Inatusikia."

Hakuna aliyeingia. Mama akafunga mlango kwa kijiti ili asiguse waya, akatia kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso yake, na pindo hilo halikumtoka tena mkononi.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Ningesema saa ile ile ingekuwa kicheko cha siku moja. Lakini nilikuwa Injinia, jamani, na Injinia hawezi kuwa ametia kompyuta kwenye mboga za wenzake, nikawaza nitaitoa wakilala, na ufunguo ndio huo umelala na mama. Kufikia saa sita mchana neno lilikuwa limeshapata miguu: Mama Kioko anafuga kitu. Si ndiye anayekataa kuachia mtu ufunguo? Si mchicha wake huwa wa kijani hata jua likichoma wa wengine? Na tangu mzee wake afariki, mbona hatukumwona akilia sana? Wale waliokuwa wakipitia chai kwetu jioni walipita barabarani wakiangalia upande wa pili. Mama aliwasalimia mmoja mmoja kwa jina, na kila mmoja alikuwa na haraka.

Jumamosi tulikuwa tunachambua maharagwe, akasimamisha mikono, akaniuliza bila kuniangalia, "Kioko, wewe umewahi kuona kitu kwa hii boma?"

Nikamjibu, "Hapana, Mum."

Nikaendelea kuchambua maharagwe.

Jumapili baada ya ibada wakaja wote, karibu watu hamsini, na viti vya plastiki na spika. Mchungaji wetu, Pastor Musembi, ni mtu mpole asiyependa mambo ya uchawi yatajwe, lakini hata yeye alikuwa hasogei karibu na kile kibanda. Mimi nilipewa kazi ya kupanga viti, nikavipanga kwa bidii ya mwenye hatia. Waliimba, wakaomba, na nilikuwa nimetulia kidogo, kwa sababu najua kitu kimezimwa, wataomba, watachoka, wataenda. Kisha Mama Njeri akainuka, akasema hawana ubaya na mwenyekiti, lakini afungue yeye mwenyewe kwa mkono wake, wote wakiona, na kama hakuna kitu basi wataomba msamaha. Wengine wakaitikia. Pastor akamwangalia mama. Mama akaanza kufungua lile pindo la leso.

Hapo ndipo ilipoamka.

Kwanza pumzi. Ikapanda taratibu, ikakaa, ikashuka. Halafu wekundu ukaanza kuonekana ndani ya ukuta, kati ya kaa na kaa, huku maji yakimeremeta. Minong'ono ilikatika katikati ya neno. Na sikilizeni, watu hamsini pale waliogopa kitu wasichokijua, lakini mimi niliogopa kwa sababu nilikijua: ile plagi nilikuwa nimeichomoa mimi, kwa mkono huu, siku mbili zilizopita. Haikuwa na stima. Kitu kisicho na stima kilikuwa kinapumua mbele yangu saa tisa mchana, jua likiwaka.

Pastor akanyoosha mkono, akapaza sauti, "Toka!"

Ikamjibu, "Tii-too. Tii-too."

Viti vilianguka, watu wakakimbilia kwenye mapapai, mzee mmoja wa kanisa akaruka ua ambao hadi leo hawezi kueleza alivyouruka. Pale mlangoni akabaki mama peke yake. Hakukimbia. Nilimwona ameinua kidevu, machozi yanamtiririka, ufunguo uko mkono wa kushoto na wa kulia unaenda kwenye ule waya uliolowa, na ndipo nikaukumbuka mkono wa Mama Njeri.

"Mwaitu!" nikapiga kelele (tangu utotoni sikuwa nimemwita hivyo, ndivyo Mkamba anavyomwita mamake). "Mwaitu, usishike! Iko na stima! Ni yangu! Ni kompyuta yangu!"

Mkono ukasimama hewani. Na kutoka kwenye tangi la maji fundi wa spika akauliza, "Kwani hii ekstensheni ni ya nini ingine?" Maskini alikuwa ameona soketi bure ya ekstensheni yangu pale tangini, haina moto, akaifuata hadi jikoni, akakuta plagi nyuma ya debe, akaichomeka apate stima ya spika zake. Na mashine yenyewe nilikuwa nimeipangia ijiwashe stima ikirudi, kwa sababu ya stima yetu ya kupotea potea. Akachomoa. Pumzi ikashuka, haikupanda tena.

Nikaingia, nikaibeba, nikaiweka mezani mbele ya watu, maji yanachuruzika.

"Ni nini hii?" Pastor akauliza.

"Ni kompyuta, Pastor."

"Na ilikuwa inafanya nini kwa mboga?"

"Ilikuwa inasikia joto."

Mnacheka. Na wao walicheka, hadi wengine wakashikana mabega. Ile aibu ingetosha, lakini yule fundi wa spika hutengeneza simu mjini, akaomba bisibisi, akafungua kile chuma changu kipya palepale, akakigeuza, akabandua chini yake karatasi ya nailoni nyembamba inayoonyesha ng'ambo. Akaishikilia juu kila mtu aone. "Injinia," akasema kwa upole, "hii huwa inatolewa kwanza." Ndiyo iliyokuwa imezuia joto kutoka, wiki zote hizo. Si Kibwezi. Ni mimi.

Akina mama wakamwomba mama msamaha, Mama Njeri akiwa wa kwanza, na mama akawasamehe wote, akawapikia na chai. Wageni wakaisha. Akaja akakaa kwenye stuli karibu na kitanda changu, akaitazama mikono yake, mgongo na kiganja.

"Wewe ulikuwa unaogopa kuchekwa," akasema. "Mimi nilikuwa najiogopa. Siku mbili naangalia hii mikono, najiuliza imefanya nini, na mimi sikumbuki."

Heri angenichapa.

Nimeapa, na ninyi ni mashahidi: nikiharibu kitu nitasema kabla chai haijapoa, hata kama atakayecheka ni kaunti nzima. Mashine iko chumbani, imekauka, haipati joto tena, ila zile taa nyekundu nilizikata waya. Lakini kila asubuhi nasikia mama akienda kwenye kile kibanda kutoa mboga. Anasimama mlangoni, anasema, "Hodi?" Anangoja kidogo, kama anayempa mtu nafasi ya kujibu, ndipo anafungua. Nami nimelala pale, macho wazi, nangoja pamoja naye.