Kitenge Nilichovishwa Nyegezi

Sanduku la marehemu mama lilipofunguliwa, harufu ya naftalini ilitoka kwanza, kabla ya nguo. Mama alikuwa akiweka vile vidonge vyeupe kila kona, utadhani mende wote wa Nyegezi walikuwa na ugomvi naye binafsi. Tulikuwa tumekaa mkekani, ndugu na majirani, siku ya kugawa nguo zake. Chini kabisa, chini ya magauni ya kanisani, kikatokea kitenge cha rangi ya chungwa chenye picha za mikungu ya ndizi, mikunjo yake bado ya dukani. Watu wakauliza ni cha nani. Nikaendelea kukunja magauni. Kilikuwa changu, na nilidhani nilishaachana nacho tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Niwaeleze. Mwaka ule kipindupindu kiliingia mtaani kwetu, na bomba la mtaa likawa linakohoa hewa tu, kwa hiyo akina mama walichota maji ziwani. Bwana afya akaleta dawa ya maji, akatafuta mtu wa kukaa ufukweni kuitia kwenye ndoo: kifuniko kimoja kwa ndoo moja, halafu usinywe mpaka nusu saa ipite. Watu wazima walikuwa na dagaa wa kuanika na mashamba ya kupalilia. Mimi nikajitokeza. Baba yangu alikuwa mwalimu aliyehamia kutoka Bukoba, na Wasukuma wa mtaa wetu walipenda kututania kwamba Mhaya ukimpa kijiko ataomba apigwe picha nacho. Sasa mimi nilipewa chupa nzima.

Kila siku baada ya shule nilikaa juu ya jiwe bapa, miguu ikichezea maji, mpaka mama aliponikaripia niitoe miguu yangu kwenye maji ya kunywa ya watu. Jua lilikuwa likichoma utosi, mikono ikinuka dawa hadi wakati wa kula. Nilizijua ndoo zote. Ya Mama Kabula, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ilikuwa ya bluu, mkono wake umezungushiwa mpira wa baiskeli. Kila niliyemtilia dawa alinishukuru, "Wabeja, mwanangu," nami nikaitikia kwa sauti nzito kama mganga mkuu. Sijawahi kuwa mtu muhimu kama nilivyokuwa pale.

Jumamosi moja dawa ikaisha. Bwana afya alikuwa Misungwi, harudi mpaka Jumatatu, na foleni ya ndoo ilikuwa imefika kwenye mafungu ya dagaa. Ningeweza kusema, "Dawa imekwisha, mkachemshe." Maneno matatu tu. Yakanishinda, kwa sababu bila dawa nilikuwa mtoto tu aliyekaa juu ya jiwe. Nikazunguka nyuma, nikajaza maji ya ziwa kwenye ile chupa, nikarudi kuwatilia watu kifuniko kimoja kimoja, kwa uangalifu uleule.

Jumatatu Kabula, binti wa jirani yetu, mtoto wa miaka minne, akaanza kuharisha. Nilimwona anavyopelekwa zahanati mgongoni kwa mama yake, kichwa kimelegea. Nilimwahidi Mungu mambo mengi, hata kuwa sista, na wanaonijua watawaambia kwamba hiyo ilikuwa ahadi ya mtu aliyeogopa kweli. Kabula akapona. Nikarudi kwenye jiwe na dawa ya kweli, nikakaa miezi miwili zaidi mpaka ugonjwa ukaisha, lakini nilikuwa nakaa kama mfungwa anayemaliza kifungo chake.

Kisha ukaitishwa mkutano wa mtaa. Nikaitwa mbele. Akina mama wakaja wakicheza, wameshika kitenge kwa pembe zake, wakanivisha kama anavyovishwa mgeni rasmi. Kilinizunguka mara tatu na bado kikaburuta chini. Aliyefunga fundo alikuwa Mama Kabula mwenyewe. Nikaangua kilio.

"Machozi ya furaha hayo!" mtu akapaza sauti, vigelegele vikazidi.

Nyumbani nikakivua, nikamwambia mama sikitaki. Akakikunja upya kwa mikunjo ileile ya dukani. "Basi nitakutunzia," akasema, na hakuuliza neno jingine.

Nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi. Kila niliposifiwa kazini nilitafuta mlango ulipo. Mwaka jana mtaa ulitaka niingie kamati ya maji, nikatoa visingizio mpaka wakachoka kunibembeleza. Moyoni nilikuwa nikijiambia: wangejua.

Siku ile ya nguo, wengine walipotoka kwenda kula, tulibaki mimi na Mama Kabula, sasa bibi wa wajukuu, anatafuna karanga taratibu kwa meno aliyobakiwa nayo.

"Koku, mbona huchukui kitenge chako?"

Nikamweleza yote, tangu ile chupa. Akamaliza kutafuna.

"Tulijua," akasema.

Nikadhani hakunisikia vizuri.

"Jioni ileile tulijua. Maji yako siku zote yalikuwa yananuka dawa mpaka chai inaharibika. Ya siku ile yananuka samaki! Nikamwita mama yako, akanusa na yeye. Tukapita nyumba kwa nyumba kuambiana watu wachemshe."

"Na Kabula?"

"Kabula si alikuwa anashinda ziwani, mdomo wazi! Nitajuaje alikunywa wapi? Ya ndooni niliyachemsha." Akachukua karanga nyingine. "Mama yako alikuja kutuomba tusikuvishe. Alisema, mwanangu ameharibu, msimpe. Mimi ndiye niliyekataa. Nikamwambia, mtoto huyu amekaa juani miezi mitatu kwa ajili yetu. Mimi nimezaa saba, hakuna hata mmoja aliyeshika ndoo bila kufokewa."

Nikamwambia ile methali, kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza. Akacheka mpaka akakohoa.

"Hiyo wameitunga watu wasiokula samaki. Sisi hapa aliyeoza tunamtupa, tunakaanga waliobaki."

Nilicheka naye, nikiwa nalia. Utotoni niliamini heshima hupewa mtu asiye na doa, na kwamba akina mama wale walinipa yangu kwa kuwa sikuwaonyesha doa langu. Kumbe walikuwa wameliona, wamelijadili, wamebishana juu yake, halafu ndipo wakaja wakicheza. Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nikamwambia kama nafasi kwenye kamati bado ipo, niko tayari.

Ila mama. Mama alijua tangu jioni ile, akaniambia atanitunzia, akakaa akisubiri nimwambie mwenyewe. Tulipika pamoja miaka yote hiyo. Alipougua nililala chumba kimoja naye, nikimgeuza, nikimwosha miguu, tukizungumza mambo ya zamani mpaka apitiwe na usingizi, na hilo moja sikulitaja. Angenisamehe kabla sijamaliza kusema.